Pointi Elfu Ishirini na Nane

Ukifika Sokomatola, Mbeya, ukauliza nani anapika pilau ya harusi ambayo hata mgeni aliyechelewa anaikuta bado imechambuka, utaonyeshwa nyumba ya Nasrin. Majirani wanamwita Mama Jaha, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alizaliwa Iringa mjini, akasoma hadi darasa la saba, akaolewa Mbeya. Mumewe alipofariki alimwachia watoto wawili, cherehani bovu na sufuria tatu za nyumbani. Nasrin aliliuza lile cherehani, akafunga mkaja, akaanza kupika shughuli za watu. Hitima alipika, ndoa alipika, maulidi alipika, na Wakristo wa Isanga nao walimwita kwenye kipaimara na harusi zao. Mwenyezi Mungu alikuwa amempa mkono.

Ila hakuwa na sufuria kubwa.

Lile la kilo hamsini, ambalo ukilitazama ndani unaona kama kisima, alilikodi kwa Bushiri, mwenye masufuria, viti na maturubai. Bushiri si mtu mbaya, lakini mdomo wake hauna mlango. Kila Nasrin alipokwenda kukodi alimwambia, "Mama Jaha, mkono ni wako, sufuria ni langu. Watu wakisifu wali, nusu ya sifa niletee hapa dukani." Wakacheka wote wawili. Lakini mara mbili Bushiri alimpa mpishi mwingine sufuria lile, na mara mbili Nasrin akakosa kazi aliyokwisha kuahidiwa. Mara ya pili hakucheka. Alirudi nyumbani, akaswali, akaketi juu ya mswala muda mrefu, akasema kwa sauti ndogo, "Sufuria nitapata. Na kwa njia ya halali."

Njia yenyewe ilikuwa kadi.

Duka moja la jumla liitwalo Kilele, lenye tawi Mbeya na tawi Iringa, liliwapa wateja wake wakubwa kadi ya mkopo. Unachukua bidhaa leo, unalipa ndani ya siku arobaini. Ukilipa kwa wakati, huongezewi kitu. Ukichelewa, deni linaanza kuzaa. Nasrin aliposikia neno hilo la kuzaa alitaka kuirudisha kadi palepale, maana riba aliiogopa kuliko nyoka. Kisha akafikiri: kama mtu analipa siku ileile, riba itamkutia wapi? Akaichukua. Tangu siku hiyo alinunua kwa kadi mahitaji ya kila shughuli, na kabla jua halijazama alikuwa amekwisha kuyalipa kwa simu, kwa fedha zilezile za mwenye shughuli.

Kila shilingi elfu moja ilimpa pointi moja. Wenzake nao walikuwa na kadi hizo, na kila walipopata pointi kidogo walizikimbilia zawadi kwenye kabati la vioo pale mlangoni: chupa ya chai, seti ya sahani, blanketi. Wengine walizigeuza muda wa maongezi, zikaishia kwenye simu. Nasrin yeye alikwenda nyumbani na kile kipeperushi, akavaa miwani, akakisoma mpaka mgongoni. Akachukua kalamu. Pointi mia moja kwa muda wa maongezi zilikuwa na thamani ya shilingi mia tano. Zilezile kwenye kabati la vioo zilikuwa mia saba hivi, ukilinganisha na bei ya sokoni. Lakini ukiwa na subira, ukazipeleka tawi la Iringa, kwenye vyombo vya shughuli, pointi mia hizohizo zinakatwa kwenye bei kama shilingi elfu moja na mia tano. Mara tatu ya muda wa maongezi! Na huko Iringa ndiko lilikokuwa sufuria la kilo hamsini, shilingi laki nne na elfu ishirini.

Pointi elfu ishirini na nane. Aliiandika hesabu hiyo nyuma ya kalenda, na hakumwambia mtu.

Miaka miwili ikapita. Mwezi wa sita mwaka huu alikuwa amefikisha elfu ishirini na tano na mia saba, ndipo Mzee Hamza, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa, alipompigia simu. Alikuwa anamwoza binti yake, wageni mia nne, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba.

"Nakutaka wewe," akasema, "ila uje na sufuria lako. Kwa kaka yangu mwaka jana mpishi alikuja na visufuria, wali ukapikwa kwa mafungu. Wa kwanza wakala saa saba, wa mwisho wakala magharibi. Mimi sitaki aibu hiyo."

Nasrin akamwendea Bushiri. Masufuria yote yalikuwa yamechukuliwa siku hiyo, yanakwenda Uyole. Basi akapiga hesabu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Kilele walitoa pointi mara tatu kwa vyakula na vinywaji. Mahitaji ya Mzee Hamza, ukitoa mchele na nyama ambavyo anavyo mwenyewe, yalikuwa kama milioni moja na laki nne. Pointi zake zingetosha na kubaki. Akamjibu mzee, "Sufuria ninakuja nalo, inshallah."

Alikwisha kuahidi. Na hapo ndipo jirani yake Nusrat alipokuja kuazima.

Nusrat alikuwa amefiwa na baba yake, na hitima ilikuwa imekaribia. "Dada," akasema, "kaka zangu watanitumia hela kesho kutwa, na mimi vitu navitaka leo. Niazime kadi yako."

Katika mtaa ule watu wanaazimana kila kitu. Kinu kinatembea nyumba kwa nyumba, mbuzi ya nazi hailali kwa mwenyewe, na mwenye jeneza la msikiti hajulikani tena ni nani. Nasrin akaitoa kadi kama anavyotoa kinu, na namba ya siri akamwambia.

Sasa, kuna jambo moja ambalo watu wa mtaa ule wamelelewa nalo. Chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Uliazima bakuli, lirudishe na ndizi mbili, na maharage, hata na kipande cha tangawizi. Kurudisha kitu kitupu ni kama kusema hukulelewa. Nusrat alilelewa vizuri. Siku ya tatu hela za kaka zake zikafika, akalipa deni lote la dukani hadi shilingi ya mwisho, kisha akaja kwa Nasrin amebeba boksi lililofungwa karatasi ya maua, na juu yake chupa ya chai mpya inayotoa mvuke.

"Dada, kadi yako hii. Na nimekuletea kidogo. Seti ya sahani, na chupa mbili za chai. Moja nimeijaza tangawizi kabisa, unywe nikikuona."

Nasrin akamkumbatia, akamwombea dua yeye na marehemu baba yake. Wakanywa chai. Nusrat alipoondoka, Nasrin akafungua simu aangalie saa ya swala, akauona ujumbe wa Kilele. Manunuzi yameongeza pointi 300. Zawadi zimetoa pointi 9,000. Salio 17,000.

Aliusoma mara tatu. Kisha akaligeukia boksi.

Siku mbili hakulala vizuri. Hakuwa na hasira na Nusrat. Lililomuuma ni kwamba pointi elfu tisa, ambazo Iringa zingekuwa laki moja na elfu thelathini na tano, zimegeuka sahani na chupa ambazo sokoni hazifiki hata nusu ya hiyo. Na sufuria je? Na ahadi ya Rujewa? Akavaa miwani, akakisoma tena kipeperushi, mstari kwa mstari. Kwenye aya ya tisa, kwa maandishi madogo kama chawa, akayakuta: zawadi ambayo haijafunguliwa inaweza kurudishwa ndani ya siku kumi na nne, na pointi zikarejeshwa, mwenye kadi akija mwenyewe.

Njia ilikuwepo. Lakini ni mkono gani utakaomrudishia mfiwa zawadi yake?

Aliswali laasiri, akavaa buibui, akaenda kwa Nusrat kabla moyo haujarudi nyuma.

"Nusrat mdogo wangu, nimekuja na neno, na lina miiba."

"Yarabi! Nani amekufa tena?"

"Hajafa mtu. Ni zile sahani."

"Zimevunjika?"

"Bora zingevunjika." Akaketi, akamweleza yote: sufuria, Bushiri, kalenda, Rujewa.

Nusrat akaweka mkono mdomoni. "Yule keshia aliniambia, dada una zawadi zako hapa za bure, chukua. Mimi nikasema, kadi ya watu nisiirudishe mikono mitupu."

"Za bure ndivyo wanavyosema. Mimi nimezipikia miaka miwili."

"Yaani nimechukua vyako, nikavifunga karatasi ya maua, nikakuletea kwako, na ukanishukuru?"

"Nilikushukuru sana."

"Na dua ukaniombea!"

"Na dua nilikuombea. Hiyo sikudai."

Nusrat akaanza kulia, kilio kikageuka kicheko, kicheko kikarudi kilio, kama watu waliofiwa wanavyokuwa. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Dada, sahani nazibeba mimi. Nilizileta mwenyewe, nitazirudisha mwenyewe. Twende kabla hawajafunga."

Pale Kilele alikuwepo Gloria, keshia, msichana mwenye adabu lakini mwenye haraka. Alipoliona boksi akatikisa kichwa. "Shikamoo mama. Zawadi hazirudishwi."

"Marahaba mwanangu. Zinarudishwa. Aya ya tisa."

"Aya ya tisa ya nini?"

Nasrin akakitandaza kipeperushi juu ya meza, kidole kikisimama penyewe. Gloria akainama, akasoma, akainua uso. "Mama, umeyasoma yote haya?"

"Sisi tulisoma shule ambayo kitabu kimoja ni cha watoto sita. Nikipata karatasi ya peke yangu, naimaliza."

Gloria akampigia bosi wake simu, akarudi akitabasamu kidogo. Sahani zilikubaliwa. Chupa moja ya chai ilikubaliwa. Ile ya pili aliifungua kifuniko, akanusa. "Hii imekwisha kunywewa tangawizi, mama."

"Hiyo ni ya kwangu," akasema Nusrat haraka, "mimi ndiye niliyeitia. Nitakulipa, dada."

"Hunilipi kitu. Hiyo itabaki kwangu, nitakunywesha chai ukija."

Pointi elfu saba zikarudi. Salio likawa elfu ishirini na nne. Nasrin hakuondoka kabla ya kubadilisha namba ya siri palepale kaunta, Nusrat akageukia ukuta bila kuambiwa.

Gloria alikuwa amemhurumia. "Lakini mama, kwa nini ujitese? Kama ni sufuria, lichukue kwa kadi leo, ulipe miezi sita. Kunakuwa na kanyongeza kadogo tu."

"Kadogo kwenye mdomo wako, mwanangu. Kwangu mimi hiyo ni riba, na riba haina kadogo. Nimekaa miaka miwili nisiiguse, nikaiguse zikiwa zimebaki siku kumi?"

Ilibaki Jumatano ya pointi mara tatu. Jumapili kabla ya Jumatano hiyo, simu ya Mzee Hamza ikaita. "Mama Jaha, usihangaike na mahitaji. Nina rafiki ana duka hapahapa Rujewa, soda na mafuta nitachukua kwake."

Nasrin akahisi kama mtu aliyeondolewa kigoda. Angeweza kumpiga chenga kwa maneno, lakini si desturi yake.

"Mzee Hamza, nikwambie ukweli wote. Vitu vyako nikivinunua Mbeya Jumatano, vinanipa pointi. Pointi hizo zinanipa sufuria. Na sufuria hilo ndilo litakalopika harusi yako."

"Kumbe harusi yangu ndiyo inayokununulia sufuria!"

"Inamalizia. Mengine nimemaliza mwenyewe. Risiti nitakuletea, uilinganishe na bei za rafiki yako. Ukikuta imezidi hata shilingi mia, kata kwenye ujira wangu. Na kama huridhii, sema sasa, maana bila ridhaa yako siwezi kuzichukua pointi hizo."

Kwenye simu ilisikika mashine ya kukoboa ikinguruma. Mzee akacheka kifuani. "Ukoko wa wali ni wa mpishi tangu enzi za babu zetu. Hizo pointi zako naona ni ukoko tu. Nunua. Lakini sikiliza vizuri, Mama Jaha. Ijumaa adhana ya adhuhuri ikinikuta sijaliona hilo sufuria kwa macho yangu, natuma mtu Chimala akanitafutie mpishi mwingine."

"Utaliona."

Jumatano Nasrin alikuwa mlangoni mwa Kilele kabla hawajafungua, baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba ikimng'ata masikio. Mafuta, sukari, unga, viungo, maji, soda. Gloria alipitisha kimoja kimoja. Milioni moja na laki nne. Mzigo ukapanda fuso kwenda Rujewa, fedha za Mzee Hamza zikalipa kadi saa ileile, na ujumbe ukaingia: salio 28,200. Nasrin akasema alhamdulillahi, akaenda moja kwa moja kukata tiketi ya Iringa.

Alhamisi mchana alikuwa kwenye tawi la Iringa. Meneja wake aliitwa Sosthenes, Mhehe mnene mwenye sauti ya upole. "Kamwene," akamsalimu, na Nasrin akaitikia vilevile, maana alizaliwa mji huo. Wakaingia stoo. Yalikuwa yamebaki masufuria mawili. Sosthenes akaanza kulivuta la mbele.

"Ngoja, baba." Nasrin akakunja mikono ya buibui, akapiga chini ya sufuria kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akapiga tena. "Hili tako lake jepesi. Litaunguza. Nipe la nyuma."

"Yote ni ya kiwanda kimoja, mama."

"Hata watoto ni wa tumbo moja. Nipe la nyuma."

La nyuma likajibu kwa sauti nzito. Akalikubali. Sosthenes alipoziona pointi kwenye kompyuta akapiga mluzi. "Mama, kwa pointi hizi tuna ofa ya televisheni, inchi thelathini na mbili. Watu wanaigombania."

"Televisheni haiivishi wali."

Akacheka, akaandika hati, kisha akasema kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Mfuniko wake ni shilingi elfu thelathini, unalipia pembeni."

Nasrin hakuwa na elfu thelathini ya kuchezea. Alikuwa na nauli tu. Na pilau bila mfuniko ni uji wa wazimu. Alisimama kidogo, akisoma bismillahi moyoni. Kisha akakitoa kipeperushi, kilichokwisha kuchakaa kwenye mikunjo, akakifungua kwenye picha.

"Baba, hili ndilo ninalonunua?"

"Ndilo, mama."

"Kwenye picha limefunikwa."

"Hiyo picha ni mfano tu."

"Mfano wa nini, kama si wa hili? Pointi elfu ishirini na nane zimeandikwa chini ya sufuria lenye mfuniko. Sikuomba cha juu. Naomba kilichoandikwa."

Wateja wawili walisogea kutazama ile picha, mmoja akasema, "Kweli limefunikwa jamani." Sosthenes akaitazama picha, akamtazama mama huyu mwenye umbo dogo ambaye macho yake hayapepesi, akatoka nje kupiga simu. Alikaa huko muda ambao Nasrin alimaliza tasbihi nzima. Aliporudi alikuwa amebeba mfuniko kwapani.

"Wamesema picha ibadilishwe," akasema. "Lakini wewe umewahi."

Alilala kwa mdogo wake, na alfajiri ya Ijumaa alikuwa stendi. Sufuria likaingia kwenye buti ya basi, ndani yake blanketi, mwiko na mfuko wa iliki. Makambako ukungu ulikuwa mzito, basi likaenda pole, na Nasrin akawa anatazama saa na kuvuta tasbihi. Igawa aliteremka saa tano kasoro, akapata bajaji ya kwenda Rujewa, sufuria likakaa kwenye kiti na yeye akakaa pembeni yake.

Mzee Hamza alikuwa amesimama mlangoni mwa mashine, kofia imejaa pumba. Akalizunguka sufuria, akachungulia ndani, akalipiga kwa fimbo yake. "Nani atalijaza hili?"

"Leta mchele wako," akasema Nasrin.

Jumamosi, kabla ya alfajiri, lilikaa juu ya mafiga. Nasrin akatia mafuta, akatia vitunguu, akasimama na mwiko mrefu hadi vilipokuwa rangi ya kahawia kama kanzu ya zamani. Wasaidizi wake waliona midomo yake ikitembea, wakajua anasali, wakaacha mzaha. Saa saba mchana wageni mia nne walikula kwa pamoja, na wa mwisho aliletewa sahani inayotoa mvuke sawa na wa kwanza.

Jioni, mwali alipokwisha kuondoka na vigelegele vimepungua, msaidizi wake Yudith alikuja na ndoo na sugulio la chuma. "Mama Jaha, kaa upumzike. Hili niachie mimi."

"Weka hilo sugulio chini, utalichuna. Niletee majivu na ndimu."

Akavua viatu, akakunja buibui, akainama ndani ya sufuria hadi mabega. Mgongo ulikuwa unamuuma. Ukoko wa chini ulitoka mzima, wa dhahabu, haukuungua mahali popote. Akauvunja vipande viwili, kimoja akampa Yudith, kingine akakitafuna polepole, mkono mwingine ukiendelea kusugua.